Ipe Kompyuta Sifa za Jibu, Usiipe Jibu

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha sita atafute namba changamano ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 3 + 4i. Namba hizo ziko mbili, 2 + i na −2 − i, na mwenye shaka anaweza kuzizidisha sasa hivi pembeni mwa ukurasa huu. Sasa chukua jaribio la mtandaoni ambalo mtunzi wake aliandika 2 + i kwenye nafasi ya jibu, akahifadhi, akaendelea na swali linalofuata. Mwanafunzi anayeandika −2 − i ataambiwa amekosa. Darasani angenyoosha mkono, angebishana, na mwalimu angetazama ubao akampa haki yake. Akiwa peke yake mbele ya simu hana wa kubishana naye. Ataiamini mashine, atarudi kwenye daftari kutafuta kosa ambalo halipo, na ubaya ni kwamba anaweza kulipata: atajiaminisha kuwa jibu lenye alama ya kutoa mbele halikubaliki, na imani hiyo ataingia nayo hadi kwenye chumba cha mtihani wa taifa.

Nawaandikia walimu wa hesabu walioanza, au wanaofikiria kuanza, kutunga maswali ya namba changamano yanayosahihishwa na kompyuta. Nina jambo moja la kuwashauri, na mengine yote katika makala haya yanatokana nalo: usiipe kompyuta jibu, ipe sifa zinazolifanya jibu liwe sahihi, pamoja na sura za makosa ambayo wanafunzi wako huyafanya kweli. Swali la aina hii hupimwa kwa namna linavyolipokea jibu ambalo mtunzi hakulitarajia. Ukitaka kipimo kizuri, mfikirie msomaji aliye mbali. Chole ni kisiwa kidogo ndani ya Ghuba ya Chole, mkabala na Utende, Mafia. Kwenda ng'ambo ni kwa chombo, na chombo hufuata maji. Mtu anayejisomea huko hesabu za kidato cha sita, au za mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, hawezi kumfuata mwalimu wa Dar es Salaam ofisini kumuuliza kwa nini kanyimwa maksi. Kila ambacho mwalimu angekisema, swali lenyewe halina budi kukisema. Swali linalomfaa mtu wa Chole litamfaa pia aliyekaa nyuma kabisa katika ukumbi wa watu mia mbili pale jijini. Kinyume chake si kweli.

Tuanze na mashine yenyewe, maana si zote zinafanana. Mifumo mingi ya majaribio hulinganisha herufi kwa herufi: ulichoandika kikifanana na kilichohifadhiwa, umepata. Ukiuliza makao makuu ya nchi, njia hiyo inatosha. Kwenye namba changamano haifai hata kidogo, kwa sababu 2 + i, i + 2 na 5/(2 − i) ni namba moja iliyovaa nguo tatu. Kinachotakiwa ni mfumo wenye programu ya aljebra nyuma yake, programu inayojua kwamba i² ni −1, inayoweza kutoa jibu la mwanafunzi kutoka kwenye jibu la mwalimu na kuona kama kinachobaki ni sifuri. Ninaoupendekeza ni STACK, ulioanzishwa na Chris Sangwin akiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hauuzwi. Huwekwa ndani ya Moodle, jukwaa ambalo walimu wengi wa vyuo vyetu wameshalizoea, na hesabu zake hufanywa na Maxima, programu huria ambayo chimbuko lake ni Macsyma iliyoanza kuandikwa MIT, Marekani, katika miaka ya 1960. Wala si kitu cha Wazungu peke yao: Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, kimekuwa kikiutumia tangu 2019 kwa mazoezi ya madarasa yake makubwa ya hesabu. Mwalimu mmoja kwa mamia ya wanafunzi ni hali tunayoijua pande zote mbili za mpaka.

Lakini programu ya aljebra nayo ina upole uliopita kiasi. Swali likisema "kokotoa (1 + i)¹⁰", jibu ni 32i, kwa kuwa (1 + i)² ni 2i, na 2i ikizidishwa kwa yenyewe mara tano inatoa 32i. Mwanafunzi mjanja akinakili swali lenyewe na kuliandika ndani ya kisanduku, mashine inayouliza tu "je, hii ni sawa na 32i?" itajibu ndiyo na kumpa maksi zote, na kihesabu haijakosea. Aliyekosea ni mtunzi, kwa sababu alikuwa na masharti mawili kichwani na akaipa mashine moja. Sharti la kwanza ni thamani: je, ni namba ileile? La pili ni umbo: je, imeandikwa kama a + bi, bila vipeo vilivyobaki wala i kwenye asili ya sehemu? Yatenganishe. STACK husahihisha kwa matawi, kila tawi likiuliza jambo moja, na uzuri wa matawi ni kwamba unaweza kuongea na kila mwanafunzi mahali alipofika. Aliyeishia kwenye (2i)⁵ yuko kwenye njia sahihi. Mpe sehemu ya maksi na umwambie amalizie. Aliyeandika 32 amepoteza i njiani, huyo ana tatizo jingine. Aliyeandika 1 + i, kwa kuwa ameipandisha 1 kwenye kipeo cha kumi, akaipandisha i kando, kisha akasahau hata kwamba i¹⁰ ni −1, anahitaji kurudishwa kwenye somo la vipeo kabla ya kitu kingine chochote. Kuwaambia watatu hao neno moja, "Si sahihi", ni kuwanyima wote msaada ambao ndio sababu ya zoezi.

Uandishi wa jibu nao una mitego yake, na hapa mtunzi asiyetumia simu kufanya maswali yake mwenyewe hawezi kuiona. Keybodi za simu hupenda kuigeuza i iliyo peke yake kuwa I kubwa. Amua mapema kama mfumo wako utaikubali au utamwonya mwandishi. Usimkate maksi kwa kosa la simu. Mtego mbaya zaidi ni huu: mwanafunzi anaandika 1/2i akimaanisha moja gawanya kwa 2i, ambayo ni −i/2. Mashine, ikiweka alama ya kuzidisha palipokosekana, inasoma nusu mara i, yaani i/2. Alama ya mbele imegeuka na hakuna aliyekosea hesabu. Ndiyo maana STACK humwonyesha mwanafunzi namna ilivyolisoma jibu lake kabla ya kulisahihisha, na nakusihi usikizime kipengele hicho hata ukiambiwa kinachelewesha. Mfundishe mwanafunzi kukitazama kila mara na kuweka mabano. Na kama wanafunzi wako ni wa umeme, waliozoea kuandika j kwa sababu kwao i ni mkondo wa umeme, badilisha mpangilio wa swali litumie j. STACK inaruhusu hilo, na kumlazimisha fundi wa umeme aandike i ni kumsumbua bila faida.

Eneo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni pembe. Chukua z = −1 + i√3. Modulasi yake, yaani umbali wake kutoka kwenye sifuri, ni 2, na hapo wengi hawapotei. Agumenti yake, pembe inayopimwa kutoka upande chanya wa mhimili wa namba halisi, ni nyuzi 120, au 2π/3. Mwanafunzi anayegawanya √3 kwa −1 na kubonyeza kitufe cha kinyume cha tan anapata nyuzi −60, na kikokotoo kinamwonyesha jibu hilo kwa uhakika ule ule kinaoutumia kuonyesha ukweli. Namba yenye pembe hiyo iko robo ya nne ya mchoro wa Argand, wakati yetu iko robo ya pili. Zimetazamana kupitia sifuri. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko mengine katika mada hii, na lina sababu inayoeleweka: tan haitofautishi robo zinazotazamana. Sasa angalia mtunzi anavyoweza kulificha bila kukusudia. Akiruhusu kompyuta ichague a na b zote kati ya 1 na 9, kila namba itaangukia robo ya kwanza, ambako kikokotoo hakikosei kamwe. Darasa zima litapata maksi kamili, mwalimu atafurahi, na kosa litabaki limelala hadi mtihani. Kwa hiyo lazimisha sehemu halisi iwe hasi katika matoleo mengi ya swali, kisha weka tawi linalotafuta pembe iliyopungua au kuzidi kwa π kamili. Mrejesho wa tawi hilo usimpe jibu. Umwambie: "Chora z kwenye mchoro wa Argand. Pembe uliyoandika inaelekea robo ipi?" Akichora, ataona.

Kuna pia suala la pembe zilizo sawa. Nyuzi 120, nyuzi 480 na nyuzi −240 zinaelekea upande mmoja. Kama unataka agumenti kuu peke yake, sema ndani ya swali, kwa maandishi, kwamba iwe kubwa kuliko −π na isizidi π, na useme kama unataka radiani au nyuzi. Kama hujali, basi usilinganishe pembe kwa pembe kabisa. Iambie mashine ijenge upya namba kutokana na modulasi na agumenti za mwanafunzi, kisha ipime umbali kati ya namba hiyo na z. Umbali ukiwa sifuri, au mdogo kuliko kosa la makadirio unaloliruhusu, amepata. Kwa −3 + 4i, kwa mfano, agumenti ni radiani 2.214 hivi, aliyeandika 2.21 asipoteze maksi isipokuwa swali lilitaja idadi ya desimali. Walimu hubishana sana juu ya uvumilivu huu wa desimali. Mimi naona namba changamano ni mahali pa kuulizia majibu kamili yenye π na vipeuo, na desimali ziachiwe maswali ya vipimo halisi.

Hayo ya robo yanatupeleka kwenye uchaguzi wa namba, kazi ambayo watunzi wengi huiachia bahati nasibu na kujuta. Kwa kugawanya, anza na jibu na urudi nyuma. Ukitaka jibu liwe 1 + 2i na ugawanye kwa 2 − 3i, zidisha hizo mbili: unapata 8 + i. Swali linakuwa (8 + i)/(2 − 3i), na mwanafunzi hafiki kwenye sehemu zenye 13 chini zinazomfanya ashuku kazi yake bila sababu. Kompyuta inaweza kufanya hivyo kwa matoleo ishirini. Lakini usiishie kwenye uzuri wa jibu sahihi. Tazama pia majibu mabaya yanatoka vipi. Mwanafunzi anayetafuta modulasi ya 5 + 4i huku akiijumuisha i anaandika 5² + (4i)², yaani 25 − 16, anapata 9, na kipeuo chake ni 3. Jibu sahihi ni √41. Ona mvuto uliopo: 3 ni namba safi, √41 haina sura ya kuvutia, na mwanafunzi aliyezoea majibu ya vitabu atafurahia kosa lake. Namba kama hiyo inafaa sana kwa kumtambua mwenye kosa hilo. Haifai hata kidogo kama hukuweka tawi la kumjibu. Kwa upande mwingine, ziko namba zinazolificha kosa: ukimwomba modulasi ya 5, au ya namba yoyote isiyo na sehemu ya kufikirika, njia mbovu na njia nzuri zinafika mahali pamoja, na maksi unayotoa haikuambii chochote. Kabla ya kutoa swali, andika makosa unayoyajua, kokotoa kila moja linatoa nini, na hakikisha hakuna linalogongana na jibu sahihi wala na lenzake. Matoleo yanayogongana yatupe.

Ukishazoea kufikiri kwa sifa, unapata aina ya maswali ambayo karatasi haiwezi kuyabeba kwa urahisi. Mwambie mwanafunzi atoe namba changamano yoyote yenye modulasi 5 iliyo robo ya pili. Mmoja ataandika −3 + 4i, mwingine −4 + 3i, wa tatu atakuja na namba yenye vipeuo. Mwalimu anayesahihisha madaftari mia mbili atachoka kukagua mia mbili tofauti. Mashine inauliza mambo matatu tu, modulasi ni 5, sehemu halisi ni hasi, sehemu ya kufikirika ni chanya, na inamaliza. Kisha ongeza swali: sasa toa namba nyingine isiyo sifuri, ya robo yoyote, ambayo ukiizidisha na ile ya kwanza unapata namba halisi. Hapo mwanafunzi analazimika kufikiria konjugeti kwa maana yake, namba iliyopinduliwa kupitia mhimili wa namba halisi, badala ya kuikumbuka kama hatua ya kugawanyia. Maswali ya vipeuo nayo hukaa vizuri kwa njia hii. Vipeuo vya tatu vya −8i ni 2i, √3 − i na −√3 − i. Usiweke visanduku vitatu vyenye mpangilio. Pokea seti moja, na mashine ikague kila kimoja kwa kukipandisha kwenye kipeo cha tatu, kisha ihesabu kama vimetimia vitatu vilivyo tofauti. Aliyeleta viwili vilivyo sahihi ataambiwa amebakiza kimoja, na kwamba vyote vitatu vinagawa duara sawasawa.

Maswali yenye habari za maisha yanataka tahadhari. Hakuna mvuvi mwenye samaki 3 + 2i, na swali la namna hiyo linamwambia mwanafunzi kwamba namba hizi ni mchezo. Lakini mtu wa Chole anaishi ndani ya mfano wa kweli. Maji kujaa na kupwa yanatokana na mawimbi kadhaa yaliyopandana, na makubwa mawili ni lile la mwezi, linalorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na lile la jua, linalorudi kila saa 12 kamili. Kila wimbi linaandikika kama namba changamano moja: modulasi yake ni kimo cha wimbi, agumenti yake inasema limetangulia au limechelewa kiasi gani. Kupata kimo cha yote mawili kwa pamoja ni kujumlisha namba mbili. Zikielekea upande mmoja, vimo vinajumlishwa na tunapata bamvua. Zikielekea pande zinazopingana, kimoja kinatolewa kwenye kingine, nayo ni maji mafu. Kwa kuwa la jua linazunguka nyuzi 30 kwa saa na la mwezi karibu nyuzi 29, tofauti yao hukamilisha mzunguko kwa siku 14 na robo tatu hivi, ndiyo sababu bamvua hurudi mara mbili kwa mwezi mwandamo. Swali linaweza kuwa: wimbi moja lina kimo cha sentimita 120, jingine 50, na siku hiyo la pili limeachana na la kwanza kwa nyuzi 90, kimo cha pamoja ni kipi? Ni modulasi ya 120 + 50i, sentimita 130. Anayejibu 170 amejumlisha bila kutazama pembe, na mrejesho wake unajiandika wenyewe: hiyo ni hesabu ya siku ya bamvua, leo si bamvua. Anayejibu 70 amefanya hesabu ya maji mafu. Namba 120 na 50 zimechaguliwa ili hesabu itoke vizuri. Si vipimo vya Ghuba ya Chole, na mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi, kwa kuwa mtoto wa pwani anayajua maji ya kwao kuliko mtunzi yeyote wa maswali.

Nasikia pingamizi, na la kwanza ni zito: mashine haioni njia. Msahihishaji wa mtihani wa taifa hutoa maksi za hatua, mashine inaona mwisho tu. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na anayesema STACK inachukua nafasi ya kalamu nyekundu anadanganya. Ila hasara hiyo hupungua sana ukigawa swali mahali panapostahili na kufuatilia makosa yanayosafiri. Swali linamtaka mwanafunzi aandike √3 + i kwa modulasi na agumenti, kisha atumie kanuni ya De Moivre kupata (√3 + i)⁶. Modulasi ni 2, agumenti ni π/6, na jibu la pili ni −64. Mwanafunzi aliyekosea mwanzoni akaandika π/3 atafikia 64, na kanuni ya De Moivre kaitumia bila dosari. Agiza mashine ikokotoe sehemu ya pili kwa pembe aliyoandika yeye, na ikiona 64 impe maksi za kanuni huku ikimrudisha kwenye pembe. Hivyo ndivyo msahihishaji mwenye haki angefanya kwa mkono. Lakini usilikate swali vipande vingi mno. Ukiuliza kila hatua kwenye kisanduku chake, umeshamfanyia mwanafunzi kazi ya kuamua hatua zipi, na kazi hiyo ndiyo hesabu. Kuna maswali ambayo hayafai kabisa kuhamishwa. Kuthibitisha kwamba cos 3θ = 4cos³θ − 3cos θ kwa kutumia De Moivre kubaki kwenye karatasi, na kusahihishwe na mtu. Muda uliookolewa kwenye mazoezi ya kukokotoa utumike huko.

La pili ni kunakiliana, na siku hizi pia programu za simu zinazokokotoa swali ukilipiga picha. Matoleo tofauti kwa kila mwanafunzi yanazuia kunakiliana kwa kiasi. Programu hizo hayazizuii. Ushauri wangu ni kwamba zoezi la kujifunzia lisibebe maksi zinazostahili kuibiwa. Ruhusu majaribio mengi, weka adhabu ndogo kwa kila jaribio lililokosewa (STACK yenyewe huanza na sehemu ya kumi ya maksi), na maksi za kweli zitoke kwenye jaribio la darasani. Anayejua kwamba kukosea hakumgharimu sana hana sababu kubwa ya kudanganya, na kujaribu tena baada ya mrejesho mzuri ndiko kunakomfundisha.

Mtandao na umeme ni pingamizi la tatu. Swali la maandishi na hesabu, lisilo na picha nzito wala video, ni jepesi sana hata kwa kifurushi kidogo, na mwanafunzi anaweza kukokotoa daftarini bila mtandao kisha akaunganisha dakika chache za kuandika majibu. Pasipo na mtandao kabisa, Moodle inaweza kukaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayorusha Wi-Fi yake ndani ya chumba kimoja, bila intaneti. Kuna kifurushi huria kiitwacho MoodleBox kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na Maxima nayo huendeshwa kwenye vifaa vya aina hiyo. Kinachohitajika ni mtu mmoja anayejua kuisimika na umeme wa kuchaji simu. Sisemi ni rahisi. Nasema ni kazi ya siku chache, na kikwazo halisi kiko kwingine, kwenye pingamizi la nne.

Hilo la nne ni muda wa mtunzi. Swali moja zuri, lenye matoleo, matawi na mrejesho, huchukua saa kadhaa. Kwenye karatasi lingechukua dakika mbili. Mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki atauliza saa hizo zitoke wapi, na ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba asitunge mengi na asitunge peke yake. Maswali matatu yaliyofikiriwa, moja la pembe, moja la vipeuo, moja la kugawanya, yatahudumia kila darasa kwa miaka, huku thelathini ya haraka yakizalisha malalamiko kila muhula. Yapo pia maswali ya STACK yaliyokwisha kutungwa kwa Kiingereza na kutolewa kwa leseni huria. Mengi yanahitaji tu kukaguliwa na kuandikiwa mrejesho upya. Na mrejesho huo nashauri uandikwe kwa Kiswahili hata kama swali lenyewe limebaki kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye mtihani. Wapo watakaosema hilo linamdhoofisha mtahiniwa. Mtahiniwa anadhoofishwa zaidi na maelezo ambayo hakuyaelewa wakati amekosea, na mwalimu yeyote anayefafanua kosa dawatini tayari hufanya hivyo kwa Kiswahili. Swali limzoeze lugha ya mtihani, mrejesho umwelekeze kwa lugha anayofikiria nayo.

Kabla ya kuwapa wanafunzi, lijaribu swali kwa majibu yaliyokosewa. STACK ina sehemu ya kuandika majaribio hayo na kuyahifadhi pamoja na swali, na kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ukibadilisha chochote baadaye mashine inayarudia yote na kukuonyesha kilichoharibika. Ingiza −2 − i. Ingiza swali lenyewe. Ingiza pembe ya robo isiyo yake, I kubwa, 1/2i, kisanduku kitupu. Mpe mwenzako wa ofisini alifanye kwa simu yake bila maelezo yako. Kisha, wiki moja baada ya darasa kulifanya, rudi ukasome majibu yaliyoandikwa, hasa yale yaliyokosewa na watu wengi kwa namna moja. Kila fungu la namna hiyo ni tawi unalodaiwa. Ukishayaongeza, toa maswali hayo kama faili la XML la Moodle, uliwekee leseni inayoruhusu wengine kulibadilisha, na umpe mwalimu wa shule nyingine, hata kwa flashi ndani ya boti. Mwombe akurudishie majibu ya wanafunzi wake ambayo matawi yako hayakuyatambua.